Siku ya Kurudisha Wali Mezani

Mama, ikiwa kwa majuma kadhaa umeacha ugali, wali na chapati ili upungue, huenda umejiwekea siku moja ya kula wanga kwa wingi. Siku hiyo ipangwe. Isiwe siku ya kula kila kinachopita mbele yako.

Kinachorudishwa ni akiba ya sukari iitwayo glaikojeni, ambayo hukaa katika misuli na ini. Basi pakua wali, viazi vitamu au ndizi za kupika, pamoja na maharage au samaki wa kuchemsha. Cha kubana siku hiyo ni mafuta. Gramu moja ya wanga ina kalori 4, ya mafuta ina 9, na mwili unapochoma wanga, mafuta uliyokula huwekwa akiba. Kwa hiyo maandazi na chipsi (najua ndivyo vinavyotamaniwa!) havifai.

Kesho yake usikimbilie mizani. Kila gramu ya glaikojeni hukaa na maji yapatayo gramu 3, hivyo waweza kuongezeka kilo moja au zaidi kwa usiku mmoja. Sehemu kubwa ni maji. Wako wanaoogopa na kushinda njaa bure.

Lakini ukiwa unatumia insulini au vidonge vya kisukari, mwone daktari kwanza. Sukari itapanda, na ukijiongezea dawa kwa kukisia yaweza kushuka hata ukazimia. Naye mama anayenyonyesha asianze kabisa kupunguza wanga bila ushauri, kwani mwili wake hutumia sukari kutengeneza maziwa ya mtoto.