Joto la Nyumba ya Chatu

Wasikilizaji wetu, mtu wa kwetu aambiwapo kwamba huko Uingereza na Marekani wako watu wafugao chatu ndani ya nyumba zao, kwanza hucheka, kisha huuliza, "Kwa nini?" Swali hilo hatutalijibu leo. Twataka kujibu la pili, lililo gumu zaidi kwa mfugaji: mnyama huyu, ambaye kwao ni nchi ya jua, aishi vipi mahali ambapo maji huganda nje ya dirisha?

Yafaa kukumbuka kwamba nyoka hana moto wake mwenyewe mwilini kama sisi. Hukopa joto kwa jua, na kwa jiwe lililopigwa na jua. Ndiyo sababu aweza kukaa wiki nyingi bila kula. Walakini mkopo huo ukikoma, tumbo halisagi. Sungura aliyemezwa huoza ndani, na nyoka asipomtapika hufa. Mapafu nayo huugua. Chatu jike wa aina kadhaa ndiye aliyetustaajabisha, kwani aatamiapo mayai hutetemesha misuli yake akajipatia joto, jambo lililopimwa mjini Paris mwaka 1841. Lakini huyo naye, mayai yakiisha kuanguliwa, hurudi kuwa mkopaji.

Basi wengi hudhani yatosha kutia joto jingi. Sivyo. Porini nyoka huota jua, kisha huingia kivulini. Yeye mwenyewe ndiye apimaye. Bibi Joan Procter, msimamizi wa nyoka na mijusi katika bustani ya wanyama ya London, alilijua hilo, na nyumba aliyoibuni, iliyofunguliwa mwaka 1927, ilipashwa kwa umeme kwa kadiri mbalimbali, si yote kwa kipimo kimoja.

Mfugaji naye na afanye vivyo hivyo. Tuseme kizimba chake kina urefu wa futi 8 na upana wa futi 4. Upande mmoja uwe na joto la digrii 32 hivi za Sentigredi, na upande wa pili digrii 25 au 26. Kizimba kidogo hakiwezi kutoa nafasi hiyo, maana joto huenea pote upesi. Kuta ziwe za mbao nene. Kioo hupoteza joto, kwa hiyo kiwe mbele tu. Tena kizimba kisiwe kirefu mno kwenda juu, kwani hewa ya moto hupanda darini na nyoka amelala sakafuni penye baridi.

Twapendelea ubao wa joto ufungwao darini, ambao humpasha nyoka mgongo kama jua lifanyavyo. Taa pia zafaa, ila zizungushiwe wavu wa chuma. Nyoka haondoki upesi kwenye kitu kinachomwunguza kama tungedhani. Wengi wamejizungusha kwenye taa tupu, au wamelalia mawe ya umeme, hata ngozi ikaiva. Na kila chombo cha moto kipitie themostati, yaani kifaa kikatacho umeme joto likifika kipimo na kuurudisha likipungua. Asiye na fedha ya kununua themostati hana fedha ya kufuga chatu.

Bakuli kubwa la maji lisisahauliwe, kwani joto hukausha hewa, na ngozi ya zamani ikashindwa kuvuka.

Kabla nyoka hajaingia, kizimba kiwashwe kitupu siku mbili tatu, na vipimo viandikwe alfajiri na adhuhuri, pande zote mbili. Umeme ukikatika usiku, funika kizimba kwa mablanketi, ukiacha tundu la hewa, na utie chupa za maji ya moto zilizoviringishwa nguo. Wala usihangaike kupita kiasi. Usiku mmoja wa ubaridi, kwa chatu mzima asiye na chakula tumboni, si hatari kama saa chache za digrii 40 asipokuwa na pa kukimbilia.