Injini inagonga, kiyoyozi hakipozi: sikiliza kabla ya kumlipa fundi

Kiangazi kinapoingia Oman, gereji za Ibra, Sur na Nizwa hupokea magari ya zamani yenye malalamiko mawili: injini inagonga na kiyoyozi hakipozi. Kwa familia nyingi za huko zinazozungumza Kiswahili, gari la miaka 15 au 20 ndilo la kwendea kazini na kupelekea watoto shule. Fundi akisema injini imekufa, ni mishahara ya miezi kadhaa inayokwenda.

Mara nyingi matatizo hayo mawili yana chanzo kimoja, nacho ni joto. Mwezi Juni 2018 huko Quriyat, kwenye njia ya pwani ya Maskati na Sur, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24, usiku na mchana.

Kondensa ya kiyoyozi hukaa mbele ya rejeta. Feni ikichoka, au vumbi la mchanga wa Bidiya likiziba njia ya hewa, kiyoyozi hushindwa na injini huchemka. Dalili ni rahisi: gari likitembea hewa ni baridi, likisimama kwenye taa hewa inageuka moto. Hapo kagua feni kwanza, usikimbilie kujaza gesi.

Gesi yenyewe haiishi kwa kutumika. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na alama za mafuta kwenye viungio huonyesha wapi. Kujaza bila kuziba ni kulipa mara mbili. Aidha, gesi ya R12 ya magari ya kabla ya miaka ya kati ya 1990 haichanganywi na R134a iliyofuata.

Kuhusu kugonga, angalia sauti inatokea wakati gani:

Ikiwa inasikika kiyoyozi kikiwashwa na kukoma kikizimwa, shuku kompresa au mkanda wake, si injini.

Tik-tik ya juu asubuhi, inayopotea baada ya muda mfupi, huashiria oili pungufu au iliyochakaa. Pima kwa kijiti.

Mlio kama kokoto ndani ya kopo wakati wa kupanda, mfano kutoka Birkat al-Mawz kwenda Jabal Akhdar, ni petroli inayojilipukia yenyewe ndani ya silinda. Huenda injini inataka petroli ya 95 nawe unatia 91, au imepata joto kupita kiasi. Kitabu cha gari kitakwambia.

Kishindo kizito kutoka chini, kinachozidi ukikanyaga mafuta, ni hatari, hasa taa ya oili ikiwaka. Zima gari papo hapo na uite la kuvuta. Kilomita chache zaidi zaweza kuiua injini iliyokuwa bado inatengenezeka.

Mafundi wengi wa gereji hizo wanatoka Bara Hindi, na lugha huweza kugongana. Usianze kwa kumwambia kilichoharibika. Mpakie garini, nendeni pamoja, naye asikie mwenyewe.