Nyumba Ikishaungua

Nyumba ya nyasi huungua kwa muda mfupi sana. Mtu aliyekwenda kisimani hurudi akakuta paa limekwisha. Kuta zimesimama, nyeusi kwa masizi. Majirani wamejaa uani na ndoo zao. Je, watu wa nyumba hiyo waanzie wapi?

Waanze na watu. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi, taratibu, kwa dakika 20. Asipakwe samli, wala udongo, wala dawa ya meno. Vitu hivyo huleta uchafu kwenye kidonda. Afunikwe kwa kitambaa safi, kisha apelekwe zahanati. Aliyevuta moshi mwingi apelekwe pia, hata akisema kuwa ni mzima. Kifua chaweza kumbana baada ya saa kadhaa.

Usiku wa kwanza mtu asilale ndani. Moto hujificha chini ya majivu na ndani ya miti. Wawili watatu wakeshe nje na maji.

Kuta zilizobaki

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtu huona ukuta umesimama, hufurahi, huleta nyasi na kuezeka juu yake.

Ukuta wa miti na udongo una nguzo ndani. Moto wa paa hushika vichwa vya nguzo, kisha hushuka polepole ndani ya udongo. Humo hewa ni kidogo. Kwa hiyo mti hauwaki kwa ndimi, bali hugeuka mkaa. Ni kazi ile ile ya tanuri la mkaa. Kwa nje udongo ni mzuri, kwa ndani hakuna mti tena. Ukuta kama huo unaweza kusimama mwezi mzima. Masika yakija, udongo hulowa na kuwa mzito. Ukuta huanguka usiku, watoto wamelala.

Kwa hiyo chukua panga ukague nguzo moja moja. Bandua udongo kidogo juu, katikati na chini. Choma kwa ncha ya panga. Mti mzima huikataa ncha, mkaa huipokea. Nguzo iliyoungua ngozi tu usiitupe. Ikwangue mpaka uone rangi ya mti wenyewe. Ubao laini ukiwaka huliwa na moto kiasi cha sentimita 4 hivi kwa saa, kwa kila upande uliopigwa na moto. Ndiyo maana nguzo nene yaweza kupona na fito zote zikaisha. Lakini iliyobaki nyembamba kama mpini wa jembe haiwezi kubeba paa.

Kisha pima kwa timazi. Kama huna, funga jiwe kwenye uzi, uuning'inize kando ya ukuta. Ukuta ulioinama, au wenye ufa unaoingiza kidole kwenye pembe, uangushwe mchana, kwa kamba, watu wakiwa mbali. Inauma kubomoa kile ambacho moto umekuachia. Hata hivyo, udongo wake hautapotea. Ukipondwa na kulowekwa, hufaa kukandika tena.

Ukuta wa matofali mabichi una shida nyingine. Moto huchoma uso wake tu, na uso huo huanza kubanduka. Uparue, kisha usilibe upya. Adui mkubwa wa ukuta huu ni mvua, maana sasa hauna paa. Funika kichwa cha ukuta siku ile ile kwa turubai, nyasi au majani ya migomba. Kwenye ukuta wa saruji, tazama rangi. Saruji iliyogeuka nyekundu kidogo imepata joto kali, na nguvu yake imepungua. Mwite fundi aitazame.

Mabati na misumari

Bati hukingwa na kutu kwa madini ya zinki yaliyopakwa juu yake. Zinki huyeyuka kwenye joto la digrii 420 hivi, na moto wa nyumba hupita hapo. Bati lililopoteza mng'ao na kujikunja litaliwa na kutu mapema. Litumie kwenye banda la kuku au choo. Misumari iliyookotwa kwenye majivu imelainika. Usiitumie kwenye kenchi.

Nafaka na mbegu

Mahindi ya chakula yaliyonusa moshi tu yanalika. Yaliyokuwa na dawa ya wadudu, au yaliyokuwa karibu na chupa za dawa zilizoungua, yasiliwe. Unga na dawa za hospitali zilizopata joto vitupwe.

Mbegu zataka uangalifu zaidi. Mbegu yaweza kuonekana nzuri kwa macho, kumbe joto limeiua. Ukiipanda hivyo, moto utakuwa umekuunguzia nyumba na msimu pia. Hesabu mbegu 100. Zifunge katika gunia lililolowa, uliweke kivulini, ulinyunyizie maji kila siku. Siku ya 7 hesabu zilizoota. Zikiota 80 au zaidi, panda kama kawaida. Zikiota 50 hivi, ongeza mbegu katika kila shimo. Zikiwa chache kuliko hizo, tafuta mbegu nyingine mapema, kabla mvua haijaanza.

Karatasi na fedha

Vyeti vilivyolowa vianikwe kivulini, kimoja kimoja. Noti iliyoungua sehemu usiitupe wala kuikunja, ipeleke benki. Mwarifu mwenyekiti wa kitongoji na polisi. Maandishi yao yatahitajika ukiomba vyeti vipya.

Kujenga tena

Msaragambo huja kwa nguvu wiki ya kwanza, kisha kila mtu hurudi shambani kwake. Basi waombe watu kazi nzito kwanza: miti, maji na udongo. Kusiliba kunaweza kufanywa baadaye na watu wa nyumba wenyewe.

Jiko lijengwe mbali na nyumba ya kulala, upande ambao upepo hautoki. Mlango ufunguke kwa nje, ili watu wasijibane wakikimbia. Ukuta mpya uachwe ukauke vizuri kabla ya kuhamia. Ukiubandika kiganja asubuhi na kusikia ubaridi wa maji, ngoja bado.