Rangi Mbili Si ya Kumwagia Kidondani

"Dokta, mtoto kaanguka na baiskeli, goti limechubuka. Nimwagie rangi mbili ipi, ile nyekundu na njano au ile nyekundu na nyeusi?"

Nimeulizwa swali hili kazini, msibani, ndani ya daladala, na usiku kwa ujumbe wa simu wenye picha ya goti. Mara nyingi anayeuliza ameshamwagia; anachotaka ni kuhakikishiwa kwamba hakukosea rangi. Jibu ni kwamba hakuna ya kumwagia. Si nyekundu na njano, si nyekundu na nyeusi, si unga wa PPF, ile penisilini ya kwenye kichupa cha sindano, wala kidonge cheupe kilichosagwa kwa kitako cha kijiko. Nikisema hivyo mtu hununa, utadhani nimemnyima dawa.

Tuanze na kilichomo. Kidonge cha rangi mbili cha amoksilini kina miligramu 250 au 500 za dawa, pamoja na vijazio vya kiwandani vinavyosaidia unga uteleze kwenye mashine na kujaa sawasawa ndani ya ganda. Tumboni vijazio hivyo havina neno. Kwenye nyama mbichi ni taka, na mwili itabidi uzishughulikie pamoja na mchanga uliokwisha kuingia. Tena dawa ya kumeza haitengenezwi iwe haina kijidudu hata kimoja, jinsi inavyotengenezwa dawa ya sindano. Haina haja, maana njia hiyohiyo inapitisha ugali na mchicha. Kwa hiyo mzazi anayemwagia "dawa ya kuua wadudu" anaweza kuwa anawaongeza. Na hapo nazungumzia kidonge kipya. Kile kilichobaki tangu mtoto alipougua kifua mwaka juzi, kikakaa juu ya kabati bila pakiti, sitaki hata kukijadili.

Halafu kuna namna dawa yenyewe inavyofanya kazi. Amoksilini huua bakteria kwa kuwazuia wasijenge ukuta wa seli zao wanapokua na kugawanyika. Lazima iyeyuke, iwafikie, na ibaki hapo kwa kiwango cha kutosha kwa saa nyingi. Ukimeza, damu inaifikisha mpaka chini ya kidonda, na dozi inayofuata inaingia kabla ya ile ya kwanza kwisha. Ukimwaga, hapa pamerundikana, pale hapakupata kitu, na punde majimaji ya kidonda yamelikanda rundo lote likawa tope. Bakteria walioonjeshwa dawa kidogo kule pembezoni ndio wanaopata nafasi ya kuizoea.

Njoo chumba cha kufungia vidonda Jumatatu asubuhi uone tope hilo linaishia wapi. Siku ya nne limeshakuwa saruji ya manjano iliyopasuka kingo. Mama anasema kidonda kimekauka vizuri, shida tu mtoto hataki kuchuchumaa. Bonyeza taratibu pembeni: usaha unachuruzika kwenye ufa. Njia ya mkato haipo. Shashi iliyoloweshwa maji ya chumvi inawekwa juu, tunangoja, tunaongeza maji, tunangoja tena, kisha tunabandua kipande kwa kipande kwa kibano, na vingine vinaondoka na ngozi changa iliyokuwa imeanza kuota. Mtoto analia kwa kazi ambayo haikupaswa kuwepo. Chini kabisa tunakuta changarawe za siku ile aliyoanguka, kwa sababu hakuna aliyekiosha. Nani ataosha wakati dawa ameshaimwaga?

"Lakini mimi nilimwagia nikapona." Ulipona kwa sababu mchubuko wa goti kwa mtu mwenye afya hupona wenyewe, mara nyingi ndani ya wiki moja au mbili. Ungemwagia unga wa ngano ungepona pia, ungechelewa tu. Wale waliomwagia wakaishia kwetu hawaendi kutoa ushuhuda barazani.

Na hapa ndipo penye mzizi: watu wanataka kidonda kikauke. Unga unafyonza majimaji, kidonda kinaonekana kikavu, roho inatulia. Lakini ngozi mpya haipendi ukavu. Mwaka 1962 George Winter, mtafiti wa Uingereza, alichapisha majaribio yake kwa nguruwe, akilinganisha vidonda vya juujuu vilivyoachwa wazi vikafanya kigaga na vile vilivyofunikwa kwa utando wa plastiki vikabaki na unyevu. Vilivyofunikwa viliota ngozi kwa kasi ya karibu mara mbili. Sababu si fumbo: seli za ngozi husafiri kutoka kingoni kwenda katikati, na zinahitaji unyevu ili zitembee. Penye kigaga zinalazimika kuchimba njia chini yake. Yale majimaji maangavu yanayokutisha siku ya kwanza si usaha, ni sehemu ya ujenzi. Kwa hiyo na ile amri ya "acha kipigwe upepo" nayo tuiweke kando.

Kumwagia unga si mila ya mabibi zetu, kama wengine wanavyojitetea. Hospitali zenyewe ziliwahi kufanya hivyo. Katika Vita vya Pili vya Dunia askari wa Marekani walitembea na pakiti za unga wa salfa wa kunyunyizia kwenye majeraha. Haukuonyesha faida juu ya kusafisha jeraha vizuri, jeshi likaachana nao. Ikafuata penisilini ya kupaka, nayo madaktari wakaiacha, kwa kuwa dawa hii ikiwekwa kwenye ngozi hufundisha mwili kuichukia. Mtu anapata mzio bila kujua, kisha siku amelazwa na nimonia, sindano ya penisilini inamvimbisha koo. Sisi tuliiacha, mtaa ukaiokota.

Baya kuliko yote ni pepopunda. Nasikia: "Msumari ulinichoma, nikamwagia rangi mbili, sikuona haja ya sindano." Bakteria wa pepopunda hukaa udongoni katika hali ya spora, wamejifungia, hawali wala hawakui. Nimeshasema amoksilini huua wanaokua. Spora inangoja tu unga wako uishe nguvu. Kinachokukinga ni chanjo, na hapa nawasema wanaume hasa: wanawake hupewa chanjo hiyo kliniki wakiwa wajawazito, lakini mwanaume akimaliza chanjo za utotoni anaweza kuzeeka bila kuiona tena. Kidonda kimeingia udongo au samadi, na ni zaidi ya miaka 5 tangu uchomwe? Nenda ukachomwe. Kidonda kidogo kisafi, hesabu miaka 10. Hukumbuki? Nenda.

Spiriti, mafuta ya taa, dawa ya meno, majivu, kahawa: hapana, mara tano. Kuhusu spiriti, anayeamini kwamba kinachowasha ndicho kinachotibu ajue kwamba Alexander Fleming, huyuhuyu aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionyesha wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kwamba dawa kali za kuua vijidudu ndani ya majeraha ya askari ziliangamiza chembe nyeupe za damu na kuwaacha bakteria waliojificha ndani. Spiriti ibaki kwa ngozi nzima, kabla ya sindano. GV nayo, ile dawa ya zambarau, mbali na kuchafua shuka, inanifichia wekundu ninaohitaji kuuona.

Haya, cha kufanya. Nawa mikono. Damu ikitoka, gandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 mfululizo bila kuchungulia. Osha kwa maji ya kunywa yanayotiririka, dakika kadhaa, mengi kuliko unavyodhani. Majaribio yaliyolinganisha maji safi ya bomba na maji ya chumvi ya hospitali hayakuona ya bomba yakizidisha kuvunda. Maji ya kisima usiyoyaamini, chemsha uyapooze. Sabuni ipite kwenye ngozi ya pembeni. Mchanga utoe kwa shashi iliyolowa au kibano kilichochemshwa, la sivyo utabaki chini ya ngozi madoa ya maisha. Paka mafuta ya mgando kidogo, ya tyubu, si ya kopo ambalo nyumba nzima inachovya vidole. Funika kwa plasta au shashi. Badilisha kila siku, na kila ikilowa au ikichafuka. Ikigandia, lowesha kwanza, usivute.

Usibaki nyumbani kama damu haikomi, kama kingo zimeachana (kushona kunataka siku ileile, si kesho kutwa), kama ni kidonda cha kina usoni au juu ya kiungo, kama kuna kitu kimezama ndani, au kama vidole vimekufa ganzi. Umeumwa na mbwa: osha kwa sabuni na maji dakika 15 kisha ondoka kwenda kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama mbwa ni wa jirani na mnajuana. Wekundu unaosambaa, joto, usaha, homa, mtoki kinenani au kwapani: siku hiyohiyo. Hapo huenda ukaandikiwa rangi mbili, na utazimeza kwa saa ulizoambiwa mpaka dozi iishe. Mwenye kisukari aliyejikata mguuni asisubiri dalili hizo, aje mapema.

Kuoga unaruhusiwa. Jikaushe, funga upya.