Jino la Miaka Sita

Mtoto wa Milanzi, mkoani Rukwa, anapovaa sare kwa mara ya kwanza na kushika njia ya kwenda darasa la kwanza, kinywani mwake huwa kuna jino jipya ambalo pengine hakuna mtu nyumbani aliyeligundua. Hakuna jino lililong'oka kulipisha. Limechomoza nyuma ya magego ya utoto, juu na chini, kulia na kushoto, na kwa kuwa majirani zake wote ni meno ya utoto, mzazi akiliona hudhani nalo litang'oka siku moja. Halitang'oka. Ni gego la kwanza la kudumu. Hutokea mtoto akikaribia miaka sita, na ndilo anapaswa kutafunia makande hadi uzeeni.

Mengi hayafiki huko. Uso wa gego hilo una mifereji myembamba kuliko unyuzi wa mswaki, hivyo mabaki ya chakula hukaa humo hata kwa mtoto anayepiga mswaki kwa bidii. Huchukua miezi mingi kupanda hadi kulingana na wenzake, na muda wote huo mswaki hupita juu bila kuligusa. Enameli yake, lile gamba gumu la nje, bado haijakomaa. Ndiyo sababu gego hili huongoza kwa kuoza miongoni mwa meno ya kudumu ya watoto, na mara nyingi huwa la kwanza kung'olewa.

Wengi wetu tulilelewa tukiambiwa kwamba jino linaliwa na mdudu. Bakteria wapo kweli, na maarufu zaidi kati yao ni Streptococcus mutans, lakini hawatafuni jino. Huishi ndani ya ukoga, utando unaonata juu ya meno, na chakula chao wakipendacho ni sukari. Wakiila hutoa tindikali, na tindikali hiyo ndiyo inayoyeyusha enameli, ambayo kwa uzito ni madini kwa takriban asilimia 96. Kipimo cha tindikali kinywani, yaani pH, kikishuka chini ya 5.5 hivi, kalsiamu na fosfeti huanza kulitoka jino. Mate huipunguza makali tindikali hiyo na kurudisha madini mahali pake. Kwa hiyo jino hupoteza na kurudishiwa kila siku, na tundu ni matokeo ya miezi au miaka ambayo hasara ilizidi marejesho. Kabla ya tundu hutangulia doa jeupe lisilong'aa, lenye rangi ya chaki. Doa hilo haliumi, na linaweza kurudishiwa madini pasipo sindano wala koleo. Mzazi akiambiwa jambo moja tu kuhusu meno ya mwanawe, ningependa liwe hilo.

Katika miaka ya 1940 mtafiti wa Marekani, Robert Stephan, alipima tindikali ndani ya ukoga wa watu waliosukutua kwa maji ya sukari. Alikuta kwamba pH huporomoka ndani ya dakika chache, kisha hupanda polepole, na huchukua nusu saa hadi saa nzima kurudi ilipokuwa. Miaka hiyohiyo, huko Vipeholm nchini Sweden, watu wenye ulemavu wa akili waliofungiwa hospitalini walilishwa tofi zinazonata ili ionekane sukari inafanya nini. Hawakuombwa ridhaa, na meno yao yaliharibika vibaya. Ilikuwa dhuluma, na haifai kuyataja matokeo yake bila kuwataja wao. Kutokana nao dunia ilijua kwamba sukari inayoliwa pamoja na mlo huleta madhara madogo kuliko ile inayorudi kinywani mara kwa mara kati ya mlo na mlo.

Sasa tuipeleke elimu hiyo uwandani Ufipa. Milanzi, kata ya Manispaa ya Sumbawanga ambayo masimulizi ya Wafipa huitaja mwanzoni kabisa mwa utawala wao, ipo zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai baridi yake ni ya kuvaa koti, na chupa ya chai haikai mbali na mtu. Vijiko viwili vya sukari katika kikombe kimoja cha asubuhi, pamoja na kiazi au chapati, ni shambulio moja, na mate hulimaliza. Vijiko vilevile viwili vikinywewa kidogokidogo hadi saa sita mchana ni mashambulio yasiyoachiana nafasi, kwa sababu kila funda hukuta kinywa hakijapona kutokana na lile lililotangulia. Vivyo hivyo pipi ya kijiti inayomumunywa kipindi kizima cha mapumziko, ubuyu wa rangi na barafu za sukari zinazouzwa nje ya uzio wa shule. Tangu barabara ya kutoka Tunduma hadi Sumbawanga iwekwe lami, soda na biskuti hupanda huku bila kukwama kwenye tope. Sidhani kuna mzazi atakayezizuia kabisa, wala sayansi haimdai hivyo. Inamdai azisogeze ziliwe pamoja na mlo, kisha kinywa kiachwe kwa maji matupu.

Usiku una hesabu yake. Mtu akilala mate hupungua sana, na sukari iliyobaki kwenye meno hukaa bila mlinzi hadi alfajiri. Katika nyumba nyingi mswaki ni wa asubuhi, kabla ya kusalimiana na watu. Ukilazimika kuchagua mara moja tu kwa siku, chagua usiku, baada ya kila kitu kuliwa na kunywewa. Mara mbili ni bora zaidi, na mtoto apigiwe mswaki na mkubwa au asimamiwe hadi afikishe miaka saba au minane, maana mkono wake hauwezi kufika nyuma kwenye lile gego jipya.

Mswaki huondoa ukoga, lakini kinga kubwa zaidi imo katika dawa ya meno yenyewe, nayo ni floraidi. Madini haya huingia katika enameli inapojirekebisha na kuifanya ihimili tindikali kali zaidi kuliko mwanzo. Angalia maandishi ya ubavuni mwa tyubu: dawa ifaayo ina floraidi kati ya 1,000 na 1,500 ppm. Mtoto wa chini ya miaka mitatu apakiwe kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha punje ya njegere. Akimaliza kupiga mswaki ateme tu. Kusukutua kwa maji mengi, jambo ambalo karibu sote tulifundishwa, huiondoa floraidi kabla haijafanya kazi. Mkaa na chumvi, ambavyo bado vinatumika vijijini, husugua jino lakini havina floraidi, na mkaa wenye chembe kubwa hula enameli. Kijiti cha mswaki ni habari tofauti. Kikitafunwa ncha hadi kilainike, kikapitishwa kwa subira ndani na nje, huondoa ukoga vizuri, na Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuhimiza matumizi yake. Asiye na pesa ya mswaki wa dukani asione haya kukitumia. Apakae na dawa kidogo.

Nimesikia wasiwasi kuhusu floraidi, na nauelewa, kwa kuwa kila Mtanzania amewahi kumwona mtu wa Arusha au Kilimanjaro mwenye meno ya kahawia. Rangi ile hutokana na floraidi nyingi mno iliyoingia mwilini utotoni, meno yakiwa bado yanaundwa ndani ya taya, na chanzo chake kikuu ni maji yaliyopita katika miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, lakini Tanzania, kwa ugumu wa kupata maji mengine, iliwahi kuruhusu hadi 8 vijijini. Kuna njia nyingine ya floraidi kuingia mwilini ambayo wapishi wa nyanda za juu wanapaswa kuijua. Kwenye mwinuko wa Sumbawanga maji huchemka karibu nyuzi 94, si 100, hivyo maharage hukawia kuiva na magadi huwa kishawishi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wakiongozwa na daktari wa meno Mtanzania, Mabelya, walichunguza watoto wenye madoa ya floraidi waliokuwa wakinywa maji yenye floraidi kidogo, na magadi ya kupikia yakaonekana kuwa sehemu ya chanzo. Magadi ya Bonde la Ufa yanaweza kubeba floraidi nyingi. Kwa nyumba yenye watoto wadogo, kuyaloweka maharage usiku kucha ni salama zaidi. Dawa ya meno inayopakwa kidogo na kutemwa haiingizi mwilini floraidi ya kiasi cha kuyatia meno rangi ile ya kahawia.

Fizi zinahitaji maneno machache tu, ingawa ugonjwa wake umeenea sana. Ukoga usipoondolewa hugeuka mgumu, na hapo mswaki hauuwezi tena, hadi tabibu aukwangue. Fizi zinazotoa damu wakati wa kupiga mswaki zinaomba kupigwa mswaki vizuri zaidi, pole kwa pole pale zinapokutana na jino. Wengi hufanya kinyume, wakiona damu huacha. Mwenye kisukari awe makini maradufu, kwa sababu ugonjwa wa fizi na sukari ya damu huchocheana.

Jambo jingine siwezi kulipita, kwa kuwa huua. Ni imani ya meno ya plastiki, iliyoenea Tanzania na kwa jirani zetu Uganda, ambako sehemu nyingine huitwa ebiino. Mtoto mchanga anaharisha au ana homa. Mtu anamfungua kinywa, anaona uvimbe mweupe kwenye ufizi, na kusema ugonjwa umetoka hapo. Uvimbe ule ni chonge ya utoto inayojiandaa kutoka. Inachimbwa kwa kisu, sindano au spoku ya baiskeli, bila ganzi, kwa chombo kilichopita vinywani mwa watoto wengine. Mtoto anaweza kuvuja damu nyingi au kupata pepopunda, na chonge ya kudumu iliyoko chini yake ikaharibika kabla haijaonekana. Wakati huohuo malaria, nimonia au kuharisha kwenyewe kunaendelea bila dawa. Homa ya mtoto ipelekwe zahanati siku hiyohiyo.

Tukirudi kwenye tundu lililokwisha kutokea, desturi yetu ni kusubiri. Karafuu hutiwa jinoni, maumivu hutulia kwa sababu mafuta yake hutia ganzi, na tundu huendelea kuchimba hadi usiku usiolalika. Hapo mtu hupanda bodaboda kwenda mjini na kung'olewa jino, kisha huondoka akiamini kwamba hospitali ya meno ni mahali pa kung'oa. Hukumu hiyo ina historia. Kuziba jino kulihitaji umeme, mashine ya kuchimbia na maji ya bomba, na vituo vya vijijini havikuwa navyo.

Tanzania yenyewe ndiyo iliyotoa jibu. Katikati ya miaka ya 1980, katika skuli ya meno ya Muhimbili, wakati huo ikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, daktari Mholanzi Jo Frencken na wenzake walianza kuziba meno kwa vifaa vya mkono peke yake. Sehemu laini iliyooza hukwanguliwa kwa kijiko kidogo chenye makali. Sehemu ngumu huachwa, na tundu hujazwa saruji inayoshikana na jino. Mara nyingi sindano ya ganzi haihitajiki. Njia hiyo, iitwayo ART kwa kifupi, ilijaribiwa baadaye Thailand na Zimbabwe, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa ulimwengu. Saruji inayotumika leo, glasi ayonoma, ilibuniwa Uingereza na Alan Wilson na Brian Kent, nayo hutoa floraidi taratibu ikiwa ndani ya jino. Kwa matundu madogo ya upande mmoja kwenye meno ya kudumu, tafiti zilizokusanywa zinaonyesha kwamba takriban 80 kati ya 100 bado yamezibwa vizuri baada ya miaka 5. Saruji hiyohiyo inaweza kukandamizwa kwa kidole katika mifereji ya gego la miaka sita kabla halijaoza.

Ninaposoma habari hii huona fahari, kisha huona uchungu. Njia iliyozaliwa hapa ili kuwafaa watu wa vijijini imezunguka dunia, na bado mgonjwa wa kijijini Rukwa anaweza kukaa kwenye benchi asijue kuwa inawezekana jino lake libaki. Kazi hii iko ndani ya uwezo wa tabibu wa meno, si lazima awe daktari bingwa. Kinachokosekana mara nyingi ni saruji na mtu wa kuiulizia.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa ya meno yenye floraidi, glasi ayonoma na dawa ya fedha na floraidi, ambayo husimamisha uozo kwa kupakwa tu ingawa huliachia jino rangi nyeusi, katika orodha yake ya dawa muhimu. Orodha hiyo ndiyo nchi nyingi hutazama zinapopanga yao. Vituo vyetu vya afya vina kamati za usimamizi zenye wajumbe kutoka kwa wananchi, na kamati hizo hukaa kupanga matumizi ya mwaka. Mjumbe wa Milanzi anaweza kuuliza katika kikao kijacho ni meno mangapi yaling'olewa mwaka uliopita na mangapi yalizibwa, na kama glasi ayonoma imo katika maombi ya dawa. Mzazi asisubiri kikao: aiwashe tochi ya simu, amwombe mtoto afunue kinywa, na atazame nyuma kabisa ya yale magego ya utoto.