Raketi Ikufaayo

Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili nipate kueleza jambo ambalo nimeulizwa mara nyingi tangu nilipoanza kusaidia katika uwanja wa tenisi wa shule yetu siku za Jumamosi. Swali lenyewe ni hili: raketi ya kadiri gani yafaa kununuliwa? Wengi hudhani kwamba raketi ni raketi tu, na tofauti iliyopo ni bei na rangi. Sivyo. Raketi zina urefu mbalimbali, mipini ya unene mbalimbali, vichwa vikubwa na vidogo, na uzito usiolingana. Mwanafunzi akipewa isiyomfaa hujidhani kuwa yeye hana kipaji, akaacha mchezo baada ya muhula mmoja, kumbe kosa lilikuwa la chombo. Nimewaona wanne walioacha hivyo, na wawili kati yao walikuwa na macho mazuri sana ya mpira.

Mwaka jana mzee mmoja alikuja na mwanawe wa kidato cha kwanza, kijana wa sentimeta 140 hivi. Alikuwa amemnunulia raketi mpya ya mtu mzima, na fedha alizozitoa hazikuwa kidogo. Nilipomwambia kwa heshima kwamba ni ndefu na nzito mno, alicheka akasema, "Atakua nayo, Mwalimu." Maneno hayo twayajua sote. Ndivyo tulivyonunuliwa makoti ya shule na viatu, na wazazi wetu hawakukosea. Koti kubwa hukunjwa mikono, nalo halimfundishi mtoto jambo lolote baya. Lakini raketi humfundisha mwenyewe kila siku. Ikiwa nzito, mtoto atainua bega ili aweze kuizungusha, atakunja kiwiko, atachelewa kufika kwenye mpira, mwisho ataishika katikati ya mpini kama mtu ashikaye mwiko. Baada ya miaka miwili atakuwa amerefuka, na raketi itamfaa kweli, ila mkono utakuwa umekwisha kuzoea mwendo mbaya, na kuuondoa mwendo huo ni kazi kubwa kuliko kujifunza upya.

Basi tuanze na urefu. Raketi ya kawaida ya mtu mzima ni inchi 27, yaani sentimeta 68 na nusu. Sheria za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi zaruhusu hata inchi 29, lakini ni wachache watumiao zilizozidi 27. Mmarekani Michael Chang, ambaye hakuwa mrefu, alitumia ya inchi 28 katika miaka ya 1990 ili apate nguvu zaidi anapoanzisha mpira. Kwa watoto zimetengenezwa za inchi 19, 21, 23, 25 na 26. Kwa kadiri, mtoto wa kimo cha sentimeta 125 hadi 140 hufaa inchi 25. Wa 140 hadi 150 hufaa 26. Akipita 150 na kuwa na nguvu za kutosha, apewe 27. Zile fupi zaidi ni za shule ya msingi.

Kama huna futi ya kupimia kimo, simama wima, uache mkono uning'inie kando ya mguu, ushike raketi mwisho kabisa wa mpini, ncha ikielekea chini. Ncha ikigusa ardhi kidogo tu, au ikikaribia kuigusa, ni sawa. Ukilazimika kukunja kiwiko ili isikwaruze, hiyo ni ndefu kwako. Kipimo hiki ni cha watoto. Mtu mzima hana haja nacho.

Huenda mtu akauliza, inchi moja yaweza kuleta tofauti gani? Mwanafunzi yeyote aliyelima anaweza kujijibu. Shika jembe karibu na chuma, ulizungushe kwa mkono mmoja. Halafu ulishike mwisho wa mpini, ufanye vile vile. Jembe ni lile lile, wala halikuongezeka uzito. Sababu ni kwamba uzito uliowekwa mbali mara mbili na mkono huwa mgumu kuzungushwa mara nne, si mara mbili. Ndiyo maana gramu chache zilizo kichwani mwa raketi huhisiwa kuliko gramu nyingi zilizo mpinini.

Hapo twafika kwenye uzito. Raketi za watu wazima, kabla ya kutiwa nyuzi, huwa kati ya gramu 250 na 340 hivi. Kwa mwanafunzi anayeanza, mwenye kimo cha kutumia inchi 27, mimi ningechagua kati ya 260 na 285. Nyepesi kupita kiasi si nzuri pia, kwa sababu mpira wenye kasi huisukuma raketi nyuma, na mtikiso huingia mkononi. Tena tazama mahali uzito ulipokaa. Ilaze raketi juu ya kidole kimoja mpaka itulie kama mizani. Raketi ya inchi 27 ikitulia kwenye sentimeta 34 na robo tangu mwisho wa mpini, uzito wake umegawanyika sawasawa. Ikitulia karibu zaidi na mpini, kichwa ni chepesi, nayo ni rahisi kugeuzwa karibu na wavu. Watu wengi hawafanyi jaribio hili dukani, na lagharimu dakika moja tu.

Unene wa mpini ndio uletao mabishano mengi. Vipimo huandikwa mwishoni mwa mpini kwa inchi za mzunguko, au kwa namba za Ulaya kuanzia 0 hadi 5. Namba 0 ni inchi 4 kamili, 2 ni inchi 4 na robo, 4 ni inchi 4 na nusu. Kila namba huongeza milimita 3 hivi. Ili ujue yako, fungua kiganja cha mkono unaochezea, vidole vikiwa vimenyooka na kukaribiana. Weka rula kwenye mstari wa kati wa kiganja, upime mpaka ncha ya kidole cha pete. Urefu huo, kwa inchi, wakaribia mzunguko wa mpini ukufaao. Kisha hakikisha kwa kuishika raketi: kati ya ncha za vidole na nyama ya kiganja pawe na nafasi ya kuingia kidole kimoja cha mkono wa pili. Kisipoingia, mpini ni mwembamba. Kikiingia na nafasi ikabaki, ni mnene.

Zamani mpini mbaya ndio uliolaumiwa kwa maumivu ya kiwiko. Lakini mwaka 2006 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa Marekani, ambamo misuli ya wachezaji waliozoea ilipimwa kwa vyombo vya umeme, ikaonekana kwamba mpini ukizidi au kupungua robo inchi hauleti tofauti kubwa katika kazi ya misuli hiyo. Kwa hiyo msikose usingizi kwa ajili ya namba moja. Rafael Nadal, mwenye mkono wenye nguvu kama ule, alitumia namba 2. Hata hivyo, mpini unaopita sana ukubwa wa kiganja wadhuru mchezo kwa njia nyingine: mtoto hawezi kubadili mshiko upesi kati ya pigo la mbele na pigo la upande wa pili. Ukisitasita kati ya namba mbili, twaa iliyo ndogo. Mpini mwembamba huongezwa kwa utepe wa kuzungushia, lakini mnene kuupunguza ni taabu.

Kuhusu kichwa, habari yake yapendeza. Raketi za mti walizotumia babu zetu zilikuwa na kichwa cha inchi za mraba 65 hadi 70, na ziliweza kufika gramu 400 hivi. Kisha Mmarekani Howard Head, aliyekwisha kupata mali kwa kutengeneza mbao za kutelezea thelujini, alianza kucheza tenisi akiwa mtu mzima, akaona raketi yake yageuka mkononi kila mpira ulipogonga pembeni. Akafikiri kwamba kichwa kikipanuliwa, raketi haitageuka kwa urahisi. Mwaka 1976 ikatoka raketi yake ya alumini, Prince Classic, yenye inchi za mraba 110. Watu walicheka. Mwaka 1978 msichana wa miaka 16, Pam Shriver, aliichukua raketi kubwa ya Prince hadi fainali ya mashindano makuu ya Marekani, na kicheko kikapungua.

Leo nyingi ni kati ya 95 na 110. Anayeanza achague 100 hadi 105, maana mpira ukimpiga nje ya katikati bado utavuka wavu. Wachezaji wakubwa wamependa vichwa vidogo, kama Pete Sampras aliyetumia 85. Lakini hata Roger Federer aliacha 90 akaenda 97 mwaka 2014, alipokuwa amepita miaka 30. Mwanafunzi anunuaye raketi ya bingwa kwa kuipenda picha yake anunua matatizo ya bingwa bila mkono wake.

Jambo moja latuhusu sisi wa nchi za juu. Hewa ikiwa nyepesi, mpira huruka mbali zaidi. Sheria zina mpira wa namna ya pekee kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Kampala i karibu na kadiri hiyo, na Nairobi imeipita mbali. Twendapo kucheza huko, aliye na kichwa kikubwa na nyuzi zilizolegea ataona mipira yake ikitoka nje. Dawa yake ni kukaza nyuzi kidogo, si kununua raketi nyingine.

Sasa nawageukia ndugu zangu wanafunzi wa zamani. Twawashukuru sana kwa raketi mlizotuletea. Lakini nilipozipanga mwezi uliopita nilikuta kumi na moja, zote za inchi 27, na tisa kati yao zina mpini wa namba 4. Hizo ni raketi za wanaume watu wazima, na wanaozingojea ni wavulana na wasichana wa miaka 13. Kwa gharama ya raketi moja nzuri ya mtu mzima mwaweza kupata mbili au tatu za inchi 26 zilizokwisha kutumika. Mkinunua mitumba, gongeni ukingo kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Sauti iliyopasuka huonyesha ufa ambao rangi imeuficha. Nyuzi zikiwa mbovu si kitu, zitabadilishwa.

Raketi zote za kabati la michezo nimeziandika kwa rangi nyeupe mwisho wa mpini, urefu kwanza, kisha namba ya mpini. Za inchi 26 ziko mbili tu, kwenye rafu ya chini. Wa kidato cha kwanza na waziombe kwa kapteni kabla ya saa kumi, maana kabati hufungwa.