Kurabu Ananijua kwa Sura

Kuku wangu alitotoa vifaranga 11. Kufikia Ijumaa walibaki wanne, na aliyewamaliza si mwewe wala kicheche. Ni kurabu, kunguru wa huku kwetu pwani. Huja wawili: mmoja anamvuta kuku mkia, kuku akigeuka kumfukuza, mwenzake anabeba kifaranga. Mchana kweupe, nami nimesimama mlangoni na ufagio mkononi.

Nikamrushia jiwe mmoja, likampata bawani. Nilijichongea. Wiki mbili nzima, kila nikitoka kwenda dukani, walinishukia kichwani mimi peke yangu. Majirani wanapita salama. Watafiti wa Seattle, Marekani, waliwahi kuvaa vinyago wakakamata kunguru wa kwao kisha wakawaachilia. Miaka ikapita, na bado aliyepita na kinyago kile alizomewa. Mimi wangeniuliza tu, ningewaambia. Siku hizi natoka na mwavuli, hata kiangazi.

Wazee wetu hapa Malindi walimzoea kunguru mwingine, mwenye kifua cheupe. Huyu wa sasa ana shingo ya kijivu, na kwao ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja miaka ya 1890, chini ya Waingereza, ili ale taka za mji. Taka alikula, na mayai ya ndege wenzake akala. Kufikia 1917 Unguja ilikuwa imeshamtangaza kuwa mharibifu. Mombasa alionekana mara ya kwanza 1947, kisha akapanda na pwani: Kilifi, Watamu, hadi huku kwetu. Husemwa kunguru hafugiki, na huyu hakuna aliyemfuga, lakini hakai mbali na watu. Palipo na jaa, ndipo kwao.

Nenda ufuoni asubuhi mashua zikirudi. Samaki anaparwa magamba palepale mchangani, utumbo unatupwa, na kurabu wanangoja wamejipanga ukutani kama wenye zamu. Mama karanga, muuza samaki, anakaanga kwa mkono mmoja, mwingine umeshika fimbo. Akigeuka kutafuta chenji, kipande cha changu kimeruka. Jioni wanarudi mwembeni kwa mamia, na asubuhi aliyeegesha tuktuk chini ya mti huo ana kazi ya kuosha. Viota vyao huvisuka kwa vijiti na waya. Kimoja nilichokiteremsha kilikuwa na kipande cha henga yangu ya nguo.

Hasara kubwa zaidi huwezi kuiona, utaisikia tu kwa ukimya. Pale nyumbani minana walisuka viota mnazini, na chozi walikuja kwenye maua. Kurabu hupasua viota, akala mayai na makinda. Mnazi upo, minana hawapo.

Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuangamiza kurabu milioni moja kufikia mwisho wa mwaka huo. Silaha ni sumu iitwayo Starlicide, iliyobuniwa Marekani dhidi ya kwezi. Kwanza ndege huzoeshwa nyama safi mahali pamoja. Wakishaizoea, ndipo sumu hutiwa. Haiui papo hapo. Kurabu huondoka, akafia mtini saa kadhaa baadaye, na kwa muda huo mwili wake umekwisha kuivunja sehemu kubwa ya sumu, hivyo hatari kwa paka au mwewe atakayemla mzoga hupungua. Mwendo huo wa polepole una faida nyingine: wenzake hawaoni ni nini kilichomuua. Angeanguka palepale, kesho usingemwona hata mmoja kwenye chambo.

Naiunga mkono sumu hiyo, sitaficha. Lakini milioni wakifa na utumbo ukiendelea kumwagwa mchangani, watakaobaki watazaana kwa raha. Wenzangu wa ufuoni, fukieni utumbo. Wenye hoteli, funikeni mapipa. Nawe mwenye mwembe, ukiona kiota kiteremshe kabla mayai hayajaanguliwa, na usisahau mwavuli.